Kengele Tatu za Appenzell

Kila inapoandikwa katika magazeti yetu makala ya kuzililia mila zinazopotea, dawa inayotajwa aghalabu ni ile ile: yajengwe makumbusho, yaandaliwe maonyesho, wakaribishwe watalii, na mafundi wazee waliosalia wapewe vyeti na kupigwa picha kando ya mheshimiwa. Sina ugomvi na makumbusho, wala picha haijamdhuru mtu. Walakini kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia habari za nchi moja ndogo ya milimani huko Uswisi, iitwayo Appenzell, na kila ninavyozidi kuijua ndivyo ninavyozidi kushuku kwamba dawa hiyo tunamnywesha asiye mgonjwa, ilhali mgonjwa mwenyewe amelala chumba cha pili.

Appenzell iko mashariki ya Uswisi, katika safu ya milima ya Alpstein, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Säntis, kimepanda mita 2,502 juu ya bahari. Mwaka 1597 ugomvi wa madhehebu uliipasua nchi hiyo vipande viwili, Wakatoliki wakashika upande wa Innerrhoden na Waprotestanti upande wa Ausserrhoden, na hata leo kila upande una serikali yake. Pande zote mbili, kwa karne nyingi, riziki ilitoka hasa katika mambo mawili, maziwa na uzi, na ningemwomba msomaji ayaweke mawili hayo akilini, kwa kuwa kesi yangu yote imesimama juu yake.

Nianze na maziwa. Kiangazi kinapoingia, theluji ikiisha kuyeyuka na majani kuota katika malisho ya juu, mchungaji wa Appenzell huwapandisha ng'ombe wake mlimani, akakaa nao huko mpaka Agosti inapokwisha au Septemba, akikamua na kugandisha jibini. Safari hiyo ya kupanda na kushuka ina mpango wake, ambao haupangui mtu kwa mvua wala kwa jua. Mbele hutangulia mbuzi weupe wasio na pembe, wakiswagwa na watoto waliovikwa mavazi ya asili. Nyuma yao huja mchungaji mkuu, naye amevaa suruali ya manjano inayokomea magotini, shati jeupe, kizibao chekundu kilichodariziwa, na chapeo nyeusi yenye maua, na katika sikio lake la kulia huning'inia kipuli chenye umbo la upawa mdogo, mfano wa ule wa kuengulia malai. Begani, upande wa kushoto, hubeba ndoo ya mbao nyeupe. Wanaomfuata ni ng'ombe watatu, kila mmoja na kengele yake kubwa shingoni. Kisha wachungaji wengine, kisha kundi lililobaki, na mbwa mdogo wa rangi tatu akizunguka huku na huku kama karani wa bandari aliyepotelewa na mzigo. Gari la vyombo vya jibini hufunga msafara, pamoja na fahali, na nguruwe ambao hawakushauriwa.

Kengele hizo tatu si kengele za kuokotwa. Zimefuliwa kwa bati la chuma, kila moja kwa ukubwa wake, nazo zimechaguliwa ili sauti zake zipatane, ya chini, ya kati na ya juu, hata ng'ombe wanapokwenda kwa mwendo wao wa kuyumba mlio huwa mmoja wenye tabaka tatu, na juu ya mlio huo wanaume huimba kwa sauti inayopanda na kushuka kooni bila ya neno hata moja. Wakikosa ng'ombe, huzishika kengele wenyewe na kuzitikisa. Wakikosa na kengele, hutwaa mabakuli ya udongo ya maziwa, wakatia katika kila bakuli sarafu ya faranga tano iliyosimama kwa ukingo wake, wakalizungusha bakuli mikononi mpaka sarafu ikaanza kukimbia ukutani mwake ikivuma, nao wakaimba juu ya uvumi huo. Wana pia kinanda cha nyuzi nyingi, jamaa ya mbali ya ganuni tuliyoizoea katika taarabu, ila hiki chao hakichomolewi kwa kidole bali hugongwa kwa vijiti viwili.

Sasa na tuusogelee mshipi ulioishika kengele. Ni ngozi nene, pana kuliko kitanga cha mkono, na juu yake wanatembea ng'ombe wa shaba ya manjano, wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja si mrefu kuliko kidole gumba. Fundi wa ngozi hukata umbo la mnyama katika bamba la shaba kwa patasi, akalainisha kingo kwa tupa, kisha kwa chombo chenye ncha akatia jicho, pembe, mikunjo ya shingo na kiwele, na baada ya yote hayo akampigilia ng'ombe wake juu ya ngozi, mbele ya mwingine ambaye kwa mbali hufanana naye, na kwa karibu hafanani naye hata kidogo. Kanda za mabegani zinazoshika suruali ya mchungaji nazo zina ng'ombe wale wale. Ndoo ya begani ni kazi ya fundi mwingine, anayeunga vipande vya mbao nyeupe na kuvibana kwa pete za mbao; na kitako cha ndoo hiyo, kwa kuwa ndicho kinachoonekana na watu walio nyuma mchungaji anapopita, hutiwa picha ya duara ya mchungaji na ng'ombe wake. Katika karne ya 19 picha za vitako hivi zilikuwa kazi ya wachoraji wa vijijini, na mmoja wao, Bartholomäus Lämmler, aliyezaliwa mwaka 1809 na kufariki mwaka 1865, leo anahesabiwa miongoni mwa wasanii wakubwa wa nchi ile. Kwa maneno mengine, sanaa yake bora mtu aliibeba begani, na wenye nafasi nzuri ya kuitazama walikuwa ng'ombe.

Ukiuliza kwa nini mkulima, ambaye ni mtu wa hesabu kali kama wakulima wote, akubali kutoa fedha nyingi kwa ajili ya mshipi ambao mnyama atauvaa siku chache katika mwaka, jibu halimo katika vitabu vya utalii. Safari ikiwa ndefu, kengele kubwa huvuliwa njiani na ng'ombe wakapumzishwa, kisha wakavikwa tena wanapokaribia nyumba za watu. Nyumba za watu ndizo zenye maana. Pale uani ameegemea jirani anayewajua ng'ombe wale kwa majina, anayeweza kutambua kwa sikio kwamba kengele ya kati si ile ya mwaka jana, na ambaye kizibao kikipasuka mshono atauona kabla ya mwenyewe. Mbele ya macho ya jirani huyo fundi hawezi kughushi, na mnunuzi hawezi kununua hafifu, kwa sababu wote watatu, fundi, mnunuzi na mtazamaji, wamesoma chuo kimoja.

Nilinunua siku moja, katika duka la uwanja wa ndege mmoja wa Ulaya, kengele ndogo yenye msalaba mweupe katika bendera nyekundu. Nilipofika nyumbani nikaitikisa, ikatoa sauti ya kijiko kikigonga kikombe cha bati, na mwanangu akauliza ni ya baiskeli gani. Mimi nilikuwa mnunuzi wa mbali, nisiyejua tofauti, na aliyeitengeneza alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Nije kwenye uzi. Wanawake wa Innerrhoden walikuwa na mikono ambayo ilisifiwa kote katika Ulaya. Walidarizi juu ya kitambaa chembamba cheupe, wameketi karibu na dirisha ili waipate nuru, kazi ndogo ndogo ambayo macho ya kawaida hayawezi kuifuata: maua, majina yaliyosukwa kwa herufi, nyuso za watu, katika leso ambayo mwenye nayo pengine hakuthubutu kupengea kamasi. Kazi hiyo waliifanya kwa ajili ya wafanya biashara, na mji wa St. Gallen uliokuwa jirani ulikuwa soko la kusafirisha tarizi za sehemu ile yote, za mkono na za mashine, kwenda Paris, London na Marekani. Kabla ya vita vya mwaka 1914 hapakuwa na bidhaa ya Uswisi iliyoleta fedha nyingi kutoka nje kuliko tarizi. Yeyote kwetu aliyewahi kumwona mama yake akishona kofia kwa mkono usiku, kitobo baada ya kitobo, na asubuhi akasikia bei aliyopewa na mwenye duka, ataelewa bila ya kuelezwa faida hiyo iligawanywa vipi kati ya dirisha la kijijini na soko la mjini.

Kisha vita vikaja, na baada ya vita mitindo ikageuka. Mwanamke wa Paris alianza kuvaa nguo fupi nyepesi zisizotaka tarizi, serikali za nje zikapandisha ushuru, mashine nazo zilikuwa zimekwisha kuwa hodari. Na ile biashara kubwa ikaanguka kama dari iliyoliwa na mchwa. Udarizi wa mkono ulikokota miguu miaka mingine kadhaa. Leo anayetaka kuuona vizuri huenda katika makumbusho ya mji wa Appenzell, akatazama leso zilizowekwa nyuma ya kioo, akastaajabu, akatoka nje.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame pamoja nami. Sanaa mbili zilikaa katika bonde moja, chini ya paa moja, mara nyingi mume akishughulika na hii na mke na ile. Moja ilikuwa na dunia nzima kwa soko, sifa za wakuu, na fedha za kigeni. Ya pili haikuwa na mnunuzi ila wakulima wa mabonde yale yale. Mwenye akili ya biashara angeweka dau lake juu ya ile ya kwanza, naye angepoteza. Mnunuzi wa Paris alipochoka hakuwa na haja ya kumwambia mtu: alipita dukani asiingie, na msichana aliyeketi dirishani huko Innerrhoden akakosa kazi kwa sababu ya uamuzi wa mtu ambaye hakumjua. Mchungaji hawezi kuchoka kwa namna hiyo, kwa kuwa mwezi Juni utarudi na ng'ombe watapanda. Ndiyo maana nasema kwamba tunapowaambia mafundi wetu watafute soko la nje, na tukadhani kwa kusema hivyo tumewaokoa, yamkini tunawakalisha kwenye dirisha lile lile.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba Uswisi ni nchi tajiri, na kwamba mkulima yule hapandi mlimani kwa mapenzi peke yake. Ni kweli tupu. Serikali ya shirikisho humlipa mkulima kwa mifugo anayoichunga kiangazi juu mlimani, kwa hoja kwamba malisho yasipoliwa yatamezwa na vichaka na msitu. Na kama malipo hayo yangekatwa, sidhani kengele zingelia miaka mingi. Lakini angalia fedha hizo zinalipwa kwa ajili ya nini. Hazilipwi ili avae kizibao chekundu. Zinalipwa ili ng'ombe wawe mlimani, na kizibao, kengele, ndoo na kipuli vikafuata vyenyewe, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Mwezi wa Desemba mwaka 2023, kamati ya UNESCO ilipokutana Kasane, nchini Botswana, iliyaingiza majira hayo ya malisho ya milimani ya Uswisi katika orodha ya turathi za wanadamu. Nayo ni heshima njema, ila ng'ombe walikuwa wamekwisha kupanda kwa karne nyingi bila ya orodha.

Nitaambiwa pia kwamba fundi wa ngozi huwauzia wageni mishipi na kola za mbwa zenye ng'ombe wa shaba, na kwamba mbwa wa mjini waliovaa ng'ombe wa Appenzell ni wengi. Hili nalo nalikubali, na wala halinichukizi. Mgeni akimlipa fundi kodi ya karakana, mchungaji atamkuta fundi yumo ndani siku atakapokuja na mshipi wa kengele uliokatika. Hatari huanza siku ambayo kola ya mbwa itakuwa ndiyo kipimo cha kazi, na mshipi wa kengele ukatengenezwa kwa namna ya kola.

Iko desturi nyingine kule ambayo haina mnunuzi kabisa, si wa karibu wala wa mbali, na hiyo ndiyo inayonivutia kuliko zote. Katika vijiji vya Ausserrhoden, na hasa Urnäsch, siku ya mwisho ya mwaka, alfajiri ingali giza, wanaume hutoka katika vikundi vidogo wamejifunika barakoa, wakapita shamba kwa shamba juu ya theluji. Wako walio wazuri, wenye barakoa laini za kike au za kiume na juu ya vichwa vyao mataji makubwa kama masinia, yaliyojaa vikaragosi vya mbao vilivyochongwa kwa mkono: wakataji miti, harusi, wapika mikate, kijiji kizima kimekaa juu ya kichwa cha mtu. Wako walio wabaya, waliovaa manyasi, matawi ya misonobari na ngozi, na barakoa zenye meno na pembe. Na wako wa tatu, ambao wenyewe huwaita wazuri-wabaya, waliovaa majani na matawi kama wabaya, lakini yakiwa yamepangwa kwa ustadi kama pambo la bibi harusi. Aliyevaa sura ya mwanamke hubeba njuga kubwa zilizopangwa kifuani na mgongoni. Aliyevaa sura ya mwanamume hubeba kengele mbili nzito, moja mbele na moja nyuma. Wakifika uani hutikisa kwa kuruka, wakanyamaza, wakasimama duara, wakaimba wimbo wao usio na maneno, wakatikisa tena. Mwenye nyumba hutoka, akamnywesha kila mmoja mvinyo kwa mrija uliopenyezwa kinywani mwa barakoa, akawapa mkono na kitu kidogo, akawatakia mwaka mwema. Kuwajua huwajua, maana ni wa pale pale. Lakini adabu ni kujifanya hujui.

Taji moja la namna hiyo hula mamia ya saa za kazi, za jioni baada ya jioni, na kikundi huyaficha mataji yake mpaka siku yenyewe ili kijiji kishtuke. Desturi hii imeandikwa tangu mwaka 1663, na aliyeiandika hakuwa mpenzi wake: wakubwa wa kanisa walilalamika juu ya makelele ya usiku. Na kwa kuwa Waprotestanti wa Ausserrhoden walikataa kwa muda wa zaidi ya miaka 200 kuipokea kalenda aliyoitoa Papa Gregori wa 13 mwaka 1582, na walipoipokea mwishowe hawakutaka kuuacha mwaka wao wa zamani, basi huufunga mwaka mara mbili, tarehe 31 Desemba na tena tarehe 13 Januari. Msomaji wa Makunduchi, ambaye huukoga Mwaka wake mwezi Julai kwa hesabu isiyojali ukuta una kalenda gani, hatahitaji kuelezwa zaidi. Siku hizo zikiangukia Jumapili, hutoka Jumamosi. Hakuna anayezisogeza mpaka wiki ambayo hoteli zina nafasi. Mgeni akija, aje. Akichelewa, atakuta nyayo katika theluji.

Nisije nikadhaniwa nimependa mpaka nikapofuka. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Aprili, wananchi wa Innerrhoden hukusanyika katika uwanja wa mji wa Appenzell, wakachagua viongozi na kupitisha sheria kwa kuinua mikono, na kwa mwanamume upanga au jambia aliloliweka kiunoni ndilo cheti chake cha kupigia kura, mara nyingi silaha iliyotoka kwa baba au babu. Ni desturi nzuri kuitazama. Na kwa jina la desturi hiyo nzuri, wanaume wale waliwakatalia mama zao, wake zao na binti zao haki ya kura hata mwezi wa Aprili mwaka 1990, wakiinua mikono hiyo hiyo, wakati wanaume wa Ausserrhoden walikuwa wamekwisha kukubali mwaka mmoja kabla. Hoja moja iliyosemwa sana ilikuwa kwamba wanawake wakiingia uwanjani baraza litakufa. Tarehe 27 Novemba 1990 mahakama kuu ya shirikisho ikaamua kwamba haki hiyo si ya kuombwa kwa wanaume, na Aprili iliyofuata wanawake wakaingia uwanjani na kadi zao. Baraza halikufa. Mpaka leo hukusanyika, panga zingaliko viunoni. Ila baraza la Ausserrhoden, ambalo halikulazimishwa na mahakama yoyote, lilifutwa na wananchi wenyewe mwaka 1997. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mila fulani haiwezi kuguswa isije ikavunjika, namwomba kwanza aniambie ni nani anayeumia ili isiguswe.

Liko jambo moja la mwisho, nami naliandika kwa sababu tangu nilipolisikia halijanitoka. Katika malisho ya juu ya Innerrhoden, jua likizama, mchungaji Mkatoliki husimama mahali palipoinuka, akaweka mdomoni faneli kubwa ya mbao, akaita kwa sauti ya kuvuta dua ya jioni, akiwaombea ulinzi watu na wanyama, na vyote vilivyomo katika mlima ule, mpaka pale sauti yake inapokomea. Aliyezaliwa karibu na msikiti hawezi kusikia habari hiyo asitulie kidogo. Hakuna jukwaa pale, wala kiti cha mtazamaji. Wanaosikiliza ni ng'ombe, na mchungaji wa malisho ya pili, ambaye akiikosa sauti hiyo jioni moja atataka kujua kuna nini. Na faneli ile, kwa asili yake, si chombo cha ibada. Ni chombo cha kuchujia maziwa.